Homa Hii Imeletwa na Nani? Damu ya Mtoto, Maabara na Siri za Bakteria

Kama unamenya viazi, endelea tu. Kama unanyonyesha, kaa vizuri. Leo tunazungumza juu ya homa, na hasa ile homa inayokataa kuondoka.

Nianze na kisa kilichonifunza mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa zamu ya usiku katika wodi ya watoto. Akaja mama amembeba mtoto wa miaka minne. Ilikuwa siku ya sita ya homa. Tumbo linamuuma, chakula hataki, macho yamezama. Nikamuuliza mama, "Amepewa dawa gani nyumbani?" Akajibu, "Ya kutuliza homa tu, sista."

Tukamtoa mtoto damu kidogo ikapelekwa maabara. Siku zikapita, majibu yakarudi kwamba hakuna kilichoonekana. Daktari akabaki kukisia. Dawa ya kwanza haikusaidia, ikabidi ibadilishwe. Siku moja nikimpanguza mtoto kwa maji vuguvugu, mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Sista, nilimpa ile dawa ya maji iliyobaki ya kakake. Nilimpa siku mbili. Niliogopa utanigombeza."

Dawa hiyo ilikuwa antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria. Na kusema kweli, mama alikuwa na sababu ya kuniogopa. Usiku ule nilikuwa nimechoka na nilimuuliza kwa ukali, mbele ya watu. Kosa halikuwa lake peke yake. Mtoto alipona, tunashukuru, lakini alikaa wodini karibu wiki mbili, na mpaka leo hatujui ni bakteria gani aliyekuwa akimtesa.

Kwa nini vijiko vichache vya dawa ya mabaki viweze kumficha adui? Na kwa nini ni muhimu kumjua adui huyo kwa jina lake, na hata ukoo wake? Twende pamoja, polepole.

HOMA NI MOSHI

Mama, ukiona moshi ng'ambo ya mto unajua kuna moto. Lakini moshi haukuambii kama kinachoungua ni shamba, jiko au nyumba ya mtu. Homa ni hivyo hivyo. Inakuambia mwili unapigana, lakini haikuambii unapigana na nani.

Hapa kwetu wengi tumezoea majina mawili tu. Kama si malaria, basi ni taifodi, ile homa ya matumbo. Mtoto akipimwa malaria na isipoonekana, tunasema moja kwa moja, "Hiyo ni taifodi." Lakini bakteria wanaoweza kuingia kwenye damu ya mtoto ni wengi. Wako wanaoleta nimonia, wako wanaoleta homa ya uti wa mgongo, wako wa njia ya mkojo, na wako wa jamii ya Salmonella, ambamo ndimo anamotoka bakteria wa taifodi.

Hata malaria ikionekana, bado hatujamaliza. Malaria hudhoofisha mwili na kuwafungulia bakteria mlango. Mtoto mmoja anaweza kuwa na malaria na bakteria kwenye damu kwa wakati mmoja.

Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust huko Kilifi walianza mwaka 1998 kuchunguza damu ya watoto waliolazwa hospitalini ili kuona kama ina bakteria. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2005 yalishtua wengi. Kati ya watoto waliofia hospitalini, takriban robo walikuwa na bakteria kwenye damu. Kabla ya hapo, katika hospitali nyingi za mashambani, hakuna aliyekuwa akiwatafuta.

KUOTESHA DAMU

Bakteria hawaonekani kwa macho, na kwenye damu ya mtoto huenda wakawa wachache sana. Kwa hiyo mtaalamu wa maabara hufanya kama mkulima. Anawaotesha.

Muuguzi husafisha ngozi ya mtoto vizuri, kisha huvuta damu kidogo na kuitia ndani ya chupa yenye chakula cha bakteria. Chupa hiyo huwekwa mahali penye joto kama la mwili wa binadamu. Kama kuna bakteria hai ndani ya damu, watakula na kuongezeka. Wakishaonekana, mtaalamu huwapanda kwenye kisahani chenye chakula kilichogandamana kama jeli. Halafu huweka juu yake vikaratasi vidogo vya duara, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Kesho yake huangalia. Dawa inayofanya kazi huwa imezungukwa na duara safi lisilo na bakteria. Dawa iliyoshindwa, bakteria wameota mpaka ukingoni mwa kikaratasi, kama magugu yaliyomshinda mwenye shamba.

Sasa umeelewa shida ya dawa ya mabaki. Ukimpa mtoto antibiotiki kidogo kabla ya kuja, unawapunguza bakteria na kuwadhoofisha, lakini huwamalizi. Kwenye chupa hawaoti. Ndani ya mtoto wamebaki. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto wa kisa changu, maana kipimo hiki chenyewe si kamili. Kwa taifodi hukosa takriban wagonjwa wanne kati ya kila kumi. Lakini ukitangulia na dawa, unakipunguzia nafasi ambayo tayari ni finyu.

Majibu hayaji siku hiyo hiyo. Huchukua siku mbili, tatu, hata tano. Daktari hatamwacha mtoto mgonjwa sana akisubiri. Damu ikishatolewa, dawa huanza mara moja, na majibu yakija ndipo huamuliwa kama iendelee au ibadilishwe. Kwa hiyo usikatae dawa eti majibu hayajatoka.

Na ule uvumi kwamba "wanachukua damu nyingi, wanaiuza"? Tuupime kwa kijiko. Kwa mtoto mdogo tunatoa mililita 1 hadi 3. Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5. Mtoto wa kilo 10 ana damu karibu mililita 750 au 800 mwilini. Tunachochukua hakijai kijiko, na mwili wake huirudisha upesi. Ukiwa na wasiwasi, omba uone chupa na uulize inakwenda wapi. Ni haki yako.

Neno moja juu ya kile kipimo cha haraka cha taifodi kinachofanywa katika kliniki nyingi na kutoa jibu saa hiyo hiyo. Kipimo hicho hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta alama za kinga zilizo kwenye damu. Alama hizo zinaweza kubaki kutokana na ugonjwa wa zamani, au zikaletwa na ugonjwa mwingine kabisa. Ndiyo maana kuna watu wanaoambiwa kila mwezi kwamba wana taifodi, wakanywa antibiotiki kila mwezi, na shida yao ikabaki pale pale.

KUSOMA KITABU CHA BAKTERIA

Kuotesha kunatuambia bakteria ni nani na dawa gani inamweza. Lakini yako maswali mengine. Ametoka wapi? Yule aliyemshika mtoto wangu ni ndugu wa yule aliyemshika mtoto wa jirani? Ameupata wapi ujanja wa kushinda dawa?

Kila kiumbe hai, kuanzia wewe mpaka mchicha wa shambani, kina maagizo ndani yake ya jinsi ya kuishi. Maagizo hayo huitwa jeni, na jeni zote pamoja na maandishi yote yanayozizunguka huitwa jenomu. Ni kama kitabu kilichoandikwa kwa herufi nne tu. Kitabu cha bakteria wa taifodi kina herufi karibu milioni 4.8. Wanasayansi walikisoma chote kwa mara ya kwanza na kukichapisha mwaka 2001. Bakteria aliyesomwa alitoka kwa mtoto mgonjwa huko Vietnam.

Kusoma huko kunasaidia nini? Wafikirie watoto wa darasa la nne wakinakili insha. Mmoja anaandika "samaki" vibaya, "samiki". Mwenzake anainakili ile ile na kosa lake, halafu anaongeza kosa jipya. Mwalimu akikusanya madaftari, anajua mara moja nani alinakili kwa nani. Haulizi mtu. Anafuata makosa.

Bakteria wakizaana hunakili kitabu chao, na mara moja moja hukosea herufi. Kosa hilo hurithiwa na kizazi kinachofuata. Wanasayansi wakisoma vitabu vya bakteria waliooteshwa kutoka kwa wagonjwa mbalimbali, hufuata makosa hayo na kuchora ukoo wote: huyu ni mtoto wa yule, na hawa wawili ni binamu.

Hapo ndipo maabara ya hospitali na utafiti wa jenomu vinaposhikana mikono. Bila ile chupa ya damu iliyoota, hakuna kitabu cha kusoma. Na bila kusoma kitabu, chupa inatuambia habari za mtoto mmoja tu, haituambii habari za nchi nzima.

KILICHOGUNDULIWA

Mwaka 2015 watafiti wa nchi nyingi, Wakenya wakiwemo, walichapisha uchunguzi wa bakteria wa taifodi zaidi ya 1,800 kutoka nchi 63. Waliona kwamba ukoo mmoja, walioupa jina H58, ulianzia Asia ya Kusini na kusafiri na watu mpaka Afrika Mashariki. Wengi wa ukoo huo hawasikii tena dawa za zamani kama kloramfenikoli, ampisilini na kotrimoksazoli. Ndiyo maana dawa iliyomponya mama yako alipokuwa msichana huenda isimponye mwanao.

Mwaka 2021 ukatoka uchunguzi mwingine wa huku kwetu, juu ya watoto wa mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Kwa kusoma jenomu, watafiti waliona kwamba taifodi sugu imeingia Kenya zaidi ya mara moja. Waliona pia jambo linalotuhusu sisi akina mama moja kwa moja. Watoto waliokuwa wazima, wanaocheza na kula vizuri, walipatikana na bakteria wa koo zile zile zinazowaugua wenzao. Mtoto asiye na homa anaweza kuwabeba tumboni na kuwatoa kwa choo chake. Kwa hiyo usingoje mtu augue ndipo nyumba ianze kunawa mikono.

Wako pia ndugu wa taifodi, Salmonella wengine. Katika nchi tajiri hao huleta kuhara kwa siku chache kutokana na chakula kichafu, kisha mtu akapona. Hapa Afrika mara nyingi huingia kwenye damu ya watoto wadogo, hasa mwenye malaria, mwenye upungufu wa damu, mwenye utapiamlo au mwenye virusi vya Ukimwi. Mwaka 2009 watafiti walisoma jenomu ya bakteria hao kutoka Malawi na Kenya, wakakuta ni ukoo wa pekee. Baadhi ya jeni zake zimeharibika na hazitumiki, kama chumba kilichofungwa kwa kufuli. Bakteria wa taifodi naye yuko hivyo. Hiyo ni dalili kwamba ukoo huo huenda umezoea kuishi ndani ya binadamu.

Wewe mama, chukua hili moja: mtoto mwenye bakteria hao mara nyingi hahari. Ana homa tu. Usikae ukisema, "Tumbo lake ni zima, ngoja tuone."

ONYO KUTOKA PAKISTAN

Sasa twende mbali kidogo, maana bakteria hawaombi pasipoti. Mwishoni mwa mwaka 2016, katika jimbo la Sindh nchini Pakistan, madaktari waliona watoto wenye taifodi ambao hawakuponywa hata na seftriaksoni, ile sindano kali tunayoitegemea hata sisi. Damu ilioteshwa, kisha jenomu ikasomwa. Ikaonekana kwamba bakteria hao wa ukoo wa H58 wamepata kipande kidogo cha maagizo kutoka kwa bakteria wa aina nyingine. Bakteria huazimana ujanja, kama majirani wanavyoazimana ungo. Kipande hicho ndicho kilichowapa nguvu ya kuishinda sindano. Zikabaki dawa chache za kutumia, nazo nyingine ni ghali na za sindano.

Majirani hao huazimana wapi? Ndani ya matumbo, na mahali pengine wanapokutana wengi. Kila tunapokunywa antibiotiki bila sababu, bakteria wanyonge hufa na wale sugu hubaki peke yao, wakizaana na kuazimana. Ule mgao wa kapsuli mbili mbili kutoka kwa jirani unaanzia hapo.

Lakini habari njema pia ilitoka huko. Mwaka 2019 Pakistan ikawa nchi ya kwanza kuingiza chanjo mpya ya taifodi katika chanjo za kawaida za watoto. Bakteria sugu kwa dawa si sugu kwa chanjo. Huko Malawi, katika mji wa Blantyre, dozi moja ya chanjo ya aina hiyo ilizuia takriban visa 8 kati ya kila 10 vya taifodi kwa watoto, kwa matokeo yaliyotolewa mwaka 2021. Na sisi Kenya, mwezi Julai 2025, kampeni ya kitaifa iliwapa chanjo ya taifodi watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Kama mtoto wako hakuipata, beba kijitabu chake cha kliniki na umuulize muuguzi.

WEWE MAMA UFANYE NINI?

Kwanza, homa ikiingia, mpeleke mtoto apimwe mapema. Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili akiwa na homa, usingoje hata saa moja. Vivyo hivyo mtoto wa umri wowote anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, anayepumua kwa shida, au aliyelegea hata haamki vizuri.

Pili, usimpe antibiotiki ya mabaki wala ya kuomba kwa jirani. Dawa ya maji iliyokwisha kuchanganywa na maji haidumu, na huenda si ya ugonjwa huu. Ya kutuliza homa unaweza kumpa kwa kipimo cha umri na uzito wake.

Tatu, kama umeshampa, sema. Sema tu. Beba chupa au karatasi ya dawa uonyeshe. Muuguzi akikunja uso, mwambie, "Sista, nimekuja unisaidie." Nasi wauguzi tumejifunza. Mimi siku hizi huuliza hivi: "Mama, sote huwa tunajaribu kitu nyumbani kabla ya kuja. Wewe ulijaribu nini?" Mama huwa ananiambia.

Nne, uliza, "Je, damu ya mtoto itaoteshwa?" Zahanati nyingi hazina uwezo huo, na si kila mtoto anakihitaji. Lakini kwa homa isiyokoma, swali lako linaweza kumfanya mhudumu akuelekeze mahali panapowezekana. Kusoma jenomu hakufanywi kwa kila mtoto. Hiyo ni kazi ya maabara kubwa na watafiti, na faida yake humrudia mwanao kwa njia ya dawa na chanjo zinazochaguliwa vizuri.

Tano, dawa ukiandikiwa, mpe kwa saa zake na siku zote ulizoambiwa, hata akianza kurukaruka siku ya pili.

Sita, nawa mikono kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika na kulisha. Chemsha maji ya kunywa au uyatie dawa. Matunda na mboga mbichi zioshe kwa maji hayo safi.

Mama, ile chupa ndogo ya damu ya mwanao ni shahidi. Inamsemea mtoto asiyeweza kusema kinachomuuma, na huenda ikawasemea watoto wengi ambao hutawaona maishani. Tusiizibe mdomo kwa kijiko cha dawa ya mabaki.

Mpaka wakati mwingine, Mungu awalinde watoto wetu.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Nyumbani kwenu kuna dawa zilizobaki? Ziko wapi, na mtafanya nini nazo?

2. Kwa nini mtoto mwenye malaria anaweza pia kuwa na bakteria kwenye damu?

3. Jirani anasema hospitali inauza damu. Utamjibu vipi ukitumia kijiko cha chai?

4. Ni jambo gani linalokuzuia kumwambia muuguzi ukweli, na muuguzi afanye nini ili iwe rahisi?